Mguu wa Cherehani na Mfarishi wa Magamba

Mtu atakaye kuujua ubora wa mfarishi asiutazame uso wake wenye rangi, bali aupindue autazame mgongo, kwa maana usoni mshonaji aweza kuuficha udhaifu wa kazi yake katika maua ya vitenge na mistari ya mashati makuukuu, ilhali mgongoni, penye bitana ya rangi moja tu, kila kunjo lililonaswa na mshono hudhihiri waziwazi. Nimeipindua mifarishi mingi katika umri wangu, hapa Magamba na katika nyumba za jamaa mjini Mpanda, na kila nilipoikuta bitana imejikusanya, sababu yake aghalabu haikuwa uzi wala sindano, wala upungufu wa bidii ya aliyeshona, bali ni kile kipande kidogo cha chuma kishukacho juu ya nguo na kuikandamiza isiinuke pamoja na sindano, ambacho sisi hukiita mguu wa cherehani. Habari ya mguu huo, na jinsi ulivyobadilika mbele ya macho yangu tangu utotoni hadi sasa, ndiyo niliyoazimia kuiandika.

Cherehani ya kwanza niliyoijua ilikuwa ya shangazi yangu, Singer nyeusi ya kukanyaga, yenye nakshi za dhahabu zilizokwisha kufutika pale mkono wa kuume ulipozoea kupita, nayo ilikuwa ya aina ya 15K, hiyo K ikiwa ni alama ya kiwanda cha Kilbowie huko Clydebank, Uskoti, kiwanda ambacho kiliunda cherehani za kupelekwa pembe zote za dunia mpaka kilipofungwa mwaka 1980. Mumewe alikuwa mtumishi wa reli. Njia ile ya gari moshi itokayo Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, na ingawa mgodi ulifungwa mwaka 1960, gari moshi halikuacha kuja, likatuletea kila kitu kisichoota katika misitu yetu ya miombo: chumvi, mafuta ya taa, marekani, kaniki, na hiyo cherehani. Pamoja nayo lilikuja sanduku dogo lenye vyombo vya ziada, kwa sababu Singer walikuwa na desturi, tangu karne ya kumi na tisa, ya kumpa mnunuzi miguu ya kazi mbalimbali: wa kukunja pindo jembamba, wa kutia marinda, wa kupachika utepe, na tena fimbo nyembamba ya chuma iliyopindwa, ambayo ni ya kupimia umbali wa mstari na mstari katika kazi ya matabaka. Shangazi aliviweka vyombo hivyo kwa staha kubwa, akavipaka mafuta vikasalimika na kutu, lakini hakupata mtu wa kumweleza matumizi yake, wala kijitabu kilichokuja navyo hakikuandikwa kwa lugha aliyoijua; basi kwa miaka mingi kazi zote za nyumba ile, kuanzia sare za shule mpaka mifarishi, zilipita chini ya mguu mmoja tu, ule mwembamba wenye vidole viwili visivyolingana, cha kushoto kipana na cha kuume chembamba.

Mgeni aweza kustaajabu kuwa nchi ya jua kali kama hii ina haja ya nguo nzito ya kujifunika, lakini Mpanda imeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na katika usiku wa Juni na Julai, mvua zikiwa zimekwisha na mbingu ikiwa wazi, baridi ya kipupwe huingia nyumbani hata aliye na blanketi moja hukesha akilivuta huku na huku. Mfarishi wa shangazi ulikuwa na matabaka matatu: juu viraka, kati blanketi lililokwisha kuchakaa, na chini bitana ya marekani au ya kaniki. Watu wa pwani waliujaza mfarishi wao pamba au usufi wakaushona kwa mkono; sisi tulikuwa na blanketi kuukuu, na blanketi kuukuu lina tabu yake, kwa sababu unene wake haulingani, hapa limelika na pale lingali limejaa, hata mguu ukipita juu yake hupanda na kushuka.

Na tutazame yanayotukia chini ya mguu huo. Katika cherehani ya kawaida nguo huendeshwa na meno yaliyo chini, ambayo huchomoza katika nafasi za bamba, huiuma nguo, huipeleka nyuma kwa kadiri ya urefu wa mshono mmoja, kisha huzama na kurudi yalikotoka. Mguu wenyewe hauvuti kitu. Kazi yake ni kuilaza nguo juu ya meno. Kwa shati la nguo mbili nyepesi hilo latosha kabisa. Lakini katika mfarishi tabaka la chini hutangulia, la kati hufuata kwa ajizi, na la juu, kwa kuwa limezuiwa na wayo wa chuma, hubaki nyuma na kuvimba mbele ya mguu, hata mshono ufikapo kwenye mpaka wa kiraka kinachofuata, uvimbe ule hukandamizwa ukawa kunjo lisiloondoka kwa pasi wala kwa kufua. Na huko mgongoni, bitana iliyosukumwa zaidi ya haki yake hujikusanya katika vijikunjo vidogo vidogo mstari mzima.

Shangazi aliyajua hayo yote bila kufundishwa na mtu, na dawa yake ilikuwa katika mikono. Kwanza alilegeza ile skrubu iliyo juu kabisa ya nguzo ya mguu, ambayo ndiyo hupima uzito wa ukandamizaji, akaijaribu juu ya mabaki ya nguo zile zile alizokusudia kuzishona, wala hakuijaribu juu ya nguo nyingine. Kisha alitandika mkeka, akaitandaza bitana juu yake na kuitilia matofali pembeni ili isilegee, akalilaza blanketi, akaviweka viraka, na kuyapiga bandi matabaka yote matatu kwa uzi mweupe mrefu, mistari yake ikianza katikati na kwenda pembeni, isipishane zaidi ya upana wa kiganja. Alipoketi kwenye cherehani alianza katikati vile vile, na mistari yote aliielekeza upande mmoja, kwani mistari ikienda na kurudi, tabaka la juu huvutwa huku mara hii na kule mara ya pili, na mraba ukageuka kuwa kitu chenye pembe nne zilizokwenda upogo. Kila alipokaribia mpaka wa kiraka alisimamisha gurudumu, sindano ikiwa imezama ndani ya nguo, akainua mguu kidogo tu ule uvimbe upumue, akaushusha tena, akaendelea. Na muda wote huo kidole cha shahada na gumba la mkono wa kushoto vilikuwa mbele ya mguu, karibu zaidi na sindano kuliko nilivyopenda kutazama, vikiisukuma nguo ya juu chini ya wayo kwa kadiri ndogo ambayo macho hayakuiona.

“Mwanangu,” aliniambia, “nguo ya chini ina meno ya kuivuta, ya juu haina wa kuisaidia. Basi isaidie wewe.”

Sijapata kusoma mahali popote maelezo ya kazi hii yaliyo mafupi na ya kweli kuliko hayo. Yote niliyoyaona baadaye, ya miguu iliyotoka viwandani na kuuzwa katika pakiti zenye picha, hayakuwa ila njia mbalimbali za kumpatia nguo ya juu huyo msaidizi.

Miaka ya mwanzo ya muongo wa 1980 ilikuwa miaka ya dhiki. Vita na Uganda vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, fedha za kigeni zilikuwa haba, na mtu aliyetaka blanketi au doti ya kitenge alisimama foleni mbele ya duka la ushirika asijue kama atapata. Mfarishi, ambao hapo kwanza ulikuwa pambo la kitanda cha mgeni, ukawa sitara ya nyumba nzima, na wanawake waliokuwa wakitupa vipande vya nguo wakaanza kuvitunza. Kisha, biashara ilipofunguliwa katikati ya muongo huo, mitumba ikaingia kwa wingi, nayo ikatuletea nguo tusizozizoea katika viraka: jinzi, mahameli, mapazia mazito, nguo za kuvutika. Hapo ndipo mguu wa vidole viwili ulipoonyesha ukomo wake, maana kiraka cha jinzi kikipakana na kiraka cha shati laini, mguu hupanda kilima na kuteremka, na palipo bonde hushindwa kuikandamiza nguo, mshono ukaruka.

Zama hizo hizo cherehani zenyewe zilibadilika mikononi mwetu. Singer mpya haikupatikana, bali ilipatikana Butterfly, itokayo Shanghai, ambayo nasi twaijua kwa kipepeo chake, nayo ilikuja nchini kwa wingi katika miaka ya urafiki mkubwa baina ya Tanzania na China. Wapo walioidharau kwa kuwa haikuwa Singer, lakini mimi naiheshimu kwa sababu moja iliyo muhimu katika habari yetu hii: walioiunda waliufuata muundo wa Singer ya aina ya 15 kwa uaminifu mkubwa, hata sindano, bobini na mguu wa hii huingia katika ile bila ugomvi. Kwa hiyo mshonaji wa kijijini mwenye Butterfly kuukuu, asiye na umeme, ana uhuru wa kutumia karibu kila mguu wa shina fupi unaouzwa duniani, na mashine nyingi za nyumbani zilizo ghali mno kuliko yake hutumia shina hilo hilo. Hilo si jambo dogo mahali ambapo kwa miaka mingi umeme ulitoka katika mitambo ya mafuta, ukiwaka leo na kuzimika kesho, na fundi aliyetegemea mota alipoteza siku nzima akingoja.

Badiliko la kwanza la kweli lililonifikia lilikuwa mguu wa robo inchi, na thamani yake haimo katika kuyashona matabaka bali katika kuviunganisha viraka kabla ya matabaka hayajakutana. Wayo wake wa kuume umekatwa kwa kipimo, ili ukingo wake uwe mbali na sindano kwa robo inchi kamili, yaani milimita 6 na kidogo, na mshonaji hana kazi ila kuulinganisha ukingo wa nguo na ukingo wa chuma. Asiyeshona aweza kuona kuwa milimita moja si neno. Basi na ahesabu: safu ya viraka kumi na viwili ina mishono kumi na mmoja; ikiwa kila mshono umeingia ndani milimita moja zaidi, kila mshono umekula milimita moja upande huu na moja upande ule, jumla mbili, na safu nzima imepungua milimita 22, ilhali safu ya jirani yake, iliyoshonwa siku nyingine kwa jicho lililochoka, imepungua tano tu. Safu hizo mbili haziwezi kuonana ila kwa kuvutana, na mvutano huo ndio uletao mawimbi ambayo watu huyalaumu matabaka kwa ajili yake. Shangazi alijitengenezea robo inchi yake kwa kubandika ukanda wa karatasi ngumu juu ya bamba, upande wa kuume wa sindano, na kwa kweli ukanda ule ulimtumikia vizuri kadiri gundi ilivyodumu.

Lakini mguu uliogeuza kazi yenyewe ni ule wa kutembea. Niliupata kwa mdogo wangu afanyaye biashara Kariakoo, Dar es Salaam, aliyeuleta likizoni ukiwa umefungwa katika karatasi, na ulipofunguliwa mezani kila mtu alidhani ni kipuri cha baiskeli. Ni mkubwa, mnene, wenye umbo la kisanduku, na ubavuni una mkono wenye uma mwishoni. Uma huo hukaa juu ya skrubu ishikayo sindano, ili kila sindano ipandapo mkono upande nayo, na kila ishukapo ushuke. Ndani ya kisanduku mna meno mengine, meno ya juu, na huo mkono ndio uyaendeshao: sindano ikitoka, meno ya juu hushuka yakaishika nguo ya juu, yakaenda nayo nyuma pamoja na meno ya chini, hatua kwa hatua, na sindano ikizama, huinuka yakarudi mbele. Hekima yake ni hiyo tu. Kiwanda cha Pfaff cha Ujerumani kiliwahi kulitia wazo kama hilo ndani ya mashine zake mnamo mwaka 1968, lakini mguu wa kutembea hauhitaji mashine mpya, hufungwa kwa skrubu ile ile ya mguu wa kawaida.

Siku hiyo tulikata vipande vya kaniki na blanketi vyenye urefu sawa, tukashona seti moja kwa mguu wa zamani na nyingine kwa huu mpya, bila bandi na bila mkono kusaidia. Katika seti ya kwanza nguo ya juu ilifika mwisho ikiwa imezidi ya chini kwa upana wa kidole. Katika ya pili ncha zilikutana. Shangazi, aliyekuwa amekwisha kuwa mtu mzima sana na macho yake yamepungua, hakutaka kuelezwa. Alichukua seti zote mbili akazipindua, akaupitisha mkono wake mgongoni mwa ile ya kwanza, kisha mgongoni mwa ya pili, akarudia.

“Nguo ya juu imepata wake,” akasema.

Sipendi hata hivyo mtu asome hapa akadhani kwamba bandi sasa ni kazi ya bure. Mguu wa kutembea huendesha matabaka sawasawa kuanzia pale yalipo; kama bitana ililegea tangu mkekani, mguu utaushona ulegevu wake kwa uaminifu ule ule. Kadhalika una makelele, haupendi haraka, na kwa ukubwa wake humzibia mshonaji asione sindano inakozama, ndiyo maana huja na fimbo yake ya kupimia, ndugu wa ile iliyolala miaka yote katika sanduku la shangazi, ambayo hutembezwa juu ya mstari uliokwisha kushonwa ili mstari mpya usipotee. Nao ni wa mistari iliyonyooka, au iliyopinda kidogo sana. Atakaye maua, majani na mizunguko atafute mwingine.

Huo mwingine ni mguu wa kudarizi, wenye wayo mdogo wa mviringo na springi juu yake, ambao haukandamizi nguo wakati wote, bali huigusa sindano inapozama na kuiachia inapotoka, ili mikono ya mshonaji iizungushe nguo apendavyo. Hapa meno ya chini hayana kazi tena, ni lazima yashushwe. Baadhi ya cherehani zina kifundo cha kuyashusha, na zisizo nacho hufunikwa kwa bamba dogo. Urefu wa mshono sasa hauamuliwi na mashine bali na mwendo wa mikono ukilinganishwa na mwendo wa miguu juu ya kikanyagio, na katika cherehani ya kukanyaga mambo hayo mawili hukubaliana baada ya mazoezi marefu. Wengine hudarizi bila mguu wowote, na yawezekana, ila wasisahau kukishusha kiinua mguu, kwani kikiwa juu uzi wa sindano haukazwi, nazo nyuzi husongamana chini ya nguo. Nikitazama kazi ya namna hii hukumbuka kofia za viua za Unguja na Lamu, ambazo nakshi zake zote hutoka mkononi, na huwakumbuka pia Wasiddi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika, ambao wanawake wao hushona kwa mkono mifarishi ya viraka iitwayo kawandi, wakianzia ukingoni na kuizunguka wakielekea katikati, kinyume kabisa cha njia ya shangazi, na kuitilia vipande vilivyokunjwa katika pembe zake nne. Hawana mguu wa chuma wa kuwasaidia. Vidole vyao huyashika matabaka yote pamoja kila sindano inapopita, na kwa hiyo mifarishi yao haina haja ya kuanzia katikati.

Siku hizi barabara ya lami imefika kutoka Tabora, na mjini Mpanda vijana wameweka mashine za umeme za kiwandani, Juki na nyinginezo, zishonazo kwa kasi inayotisha. Ni mashine njema kwa suruali na sare. Lakini mguu wa kutembea wa nyumbani hauingii humo, na mashine za namna hiyo zilizoundwa kwa magodoro, viti na ngozi, zenye mguu wa juu unaotembea wenyewe, ni jamii nyingine kwa bei na kwa uzito. Wala sishauri mtu kununua yale makasha ya miguu kwa makumi, kwani mingi imekusudiwa mashine za zigizagi, yenye tundu pana la kuipisha sindano iendayo kushoto na kulia. Katika Butterfly, ambayo sindano yake hupita mahali pamoja tu, tundu pana halina faida, na nguo laini hubonyea ndani yake. Heri miguu miwili iliyo ya haki kuliko kasha zima.

Mpwa wangu amenunua Butterfly ya mkono wa pili, naye amenijia na fedha ya mguu mmoja tu, akitaka kujua aanze na upi. Nimemwambia anunue wa kutembea, kwa kuwa robo inchi yaweza kupatikana kwa ukanda uliobandikwa juu ya bamba, na kudarizi kwaweza kungoja, lakini nguo ya juu ya mfarishi haina kitu cha kushika nafasi ya meno yake ila vidole kama vya shangazi, navyo havinunuliwi. Kabla ya kwenda, aushushe mguu alio nao na kupima kutoka kwenye bamba hadi katikati ya skrubu: kipimo kikikaribia robo tatu ya inchi, shina lake ni fupi, kikikaribia inchi moja na robo, ni refu, na mguu wa shina fupi hautamfaa. Na hata akiisha kupima, auchukue mguu wake wa zamani mfukoni, auweke juu ya meza ya muuzaji ubavuni mwa ule mpya, alinganishe nafasi ya skrubu na nafasi ya skrubu, kisha ndipo atoe fedha.